Jumamosi tatu, fomu ya kurasa nne na saa moja ya mkunga: tathmini ya huduma ya mpango wa kujifungua

Mimba yangu ya pili ilipofikisha wiki 28, kliniki moja ya binafsi hapa Dar es Salaam ilinipa kipeperushi cha darasa la maandalizi ya uzazi: Jumamosi tatu mfululizo, kisha saa nzima ya kukaa na mkunga peke yako ili kuandika mpango wa kujifungua. Ada ilikuwa shilingi 90,000, na mwenza huingia bila kulipa. Naandika tathmini hii kwa sababu wajawazito watatu wameshaniuliza kama fedha hiyo inastahili kutolewa, na jibu langu kwa wote limekuwa refu kuliko walivyotarajia: lipia ile saa ya mkunga, vumilia darasa, na fomu wanayokupa iache mezani. Jina la kliniki silitaji, kwa kuwa nina malalamiko juu yake na wenyewe hawapo hapa kujibu.

Kabla ya kulipa nilisita sana kama kulikuwa na haja ya kuandika chochote. Mama mkwe, aliyezaa watoto saba, watano kati yao nyumbani kwa mikono ya mkunga wa jadi, aliniambia kwa upole kwamba mipango si matumizi, na kwamba uchungu haujawahi kusoma barua ya mtu. Mume wangu aliogopa jambo jingine, kwamba wauguzi wangeniona mjuaji na kunihudumia huku wamenuna. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, maana mjamzito anayeingia wodini na karatasi mkononi anaweza kuonekana kama mtu aliyekuja kuwakagua watu kazini kwao. Kilichonielemeza upande wa kuandika ni uzazi wangu wa kwanza, miaka mitano iliyopita, katika hospitali nyingine, ambako niliongezewa njia, yaani nilikatwa kidogo ukeni ili mtoto apite, bila kuambiwa neno. Nilikuja kutambua pale nilipouona uzi wa kushonea. Huenda ilikuwa lazima. Mpaka leo sijui, na kutojua huko kumenikera kuliko kidonda chenyewe.

Darasa ni la wastani. Tulikuwa wanawake tisa na wanaume wawili kwenye viti vya plastiki, chini ya feni iliyozunguka kwa kujilazimisha. Jumamosi ya kwanza ilikwenda kwenye dalili za hatari, ambazo kila anayehudhuria kliniki ya serikali hufundishwa bure: kutokwa na damu, kuumwa kichwa kusikokoma pamoja na kuona maruerue, homa kali, mtoto kupunguza kucheza, chupa kupasuka kabla ya wakati. Jumamosi ya pili, iliyohusu hatua za uchungu, ilikuwa bora zaidi. Mwalimu alieleza kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linahesabu uchungu kamili kuanzia njia inapofunguka sentimita 5, wala si 4 kama ilivyozoeleka, na kwamba mwongozo huohuo unapendekeza mama awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe, aruhusiwe kula na kunywa ikiwa hana tatizo, achague mkao unaomfaa, na asiongezewe njia kwa mazoea tu. Niliyaandika yote, kwa kuwa anayejua kwamba jambo ni pendekezo la kitaalamu huliomba kwa sauti tofauti na anayeliomba kama hisani. Jumamosi ya tatu ilikuwa matangazo ya vifurushi vyao vya kujifungulia, nilisinzia.

Sasa fomu. Ina kurasa nne na visanduku 41 vya kuweka alama ya vema. Mstari wa tatu unauliza kama ningependa kujifungulia ndani ya dimbwi la maji. Kliniki haina dimbwi. Siku hizo hata bomba la bafu la wodini lilitoa maji kwa zamu. Inauliza kiwango cha mwanga, muziki, mafuta ya manukato, kama baba angependa kukata kitovu, na kama ningetaka ganzi ya mgongoni, ambayo mwalimu mwenyewe alikiri kwamba mtaalamu wake huitwa kutoka nje na usiku hapatikani. Sidharau matakwa hayo. Mpango wa namna hii ulianza kuenea Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupitia waelimishaji wa uzazi kama Penny Simkin, katika hospitali ambako kero ya mama ilikuwa kufanyiwa mambo mengi asiyoyaomba, huku damu, daktari na gari la wagonjwa vikiwa si mambo ya kuulizia. Fomu iliyozaliwa katika mazingira hayo haikuwa na sababu ya kuuliza gari litatoka wapi saa nane za usiku. Hii yetu imenakiliwa pamoja na shida za watu wengine, na zetu zikaachwa nje.

Nilitafuta mahali pa kuandika kundi la damu, sikupaona. Nilitafuta jina la mchangia damu, la dereva, la atakayelala na mtoto mkubwa, na akiba ya fedha ikiwa ningehamishiwa hospitali kubwa. Hakuna hata kimoja. Dada yangu anayeishi Mombasa alinitumia picha ya kijitabu chake cha afya ya mama na mtoto, kinachotolewa na Wizara ya Afya ya Kenya, na sehemu fupi ya mpango wa uzazi iliyomo humo inauliza kituo cha kujifungulia, msindikizaji, usafiri, mchangia damu na fedha. Wao hawaulizi muziki.

Fedha yangu ilirudi kwenye saa ya mkunga, wiki ya 36. Alikuwa mwanamke wa makamo, mchache wa maneno, ambaye aliipokea fomu, akapitisha macho, akaigeuza na kuanza kuandika upande wa nyuma uliokuwa mtupu. "Tuanze na kinachoweza kukuua, mama," alisema, "halafu tutafika kwenye kinachoweza kukuudhi." Akaomba kadi ya kliniki, akaona kundi langu ni O hasi, akabadilisha kalamu na kuandika kwa wino mwekundu juu kabisa ya ukurasa. Mwenye O hasi hupokea kwa usalama damu ya O hasi peke yake, na si damu inayopatikana kwa urahisi, hivyo alitaka jina na namba ya simu ya mtu mwenye kundi hilo kabla hatujaendelea. Nilimtaja kaka yangu. Akaeleza kwamba mtoto akizaliwa na kundi chanya napaswa kuchomwa sindano ya anti-D ndani ya saa 72, ili mwili wangu usijenge kinga itakayomdhuru mtoto wa mimba ijayo, na kwamba dawa hiyo ni ghali, hutunzwa kwenye jokofu na haipo katika kila duka la dawa, kwa hiyo mume wangu aanze kuulizia wiki ileile. Chini yake akaandika madereva wawili badala ya mmoja, na namba 115, simu ya bure ya mfumo wa m-mama unaosafirisha wajawazito na watoto wachanga wanapopata dharura.

Hapo ndipo tulipofika kwenye matakwa, akaniambia nichague matatu tu, kwa sababu mkunga mwenye wazazi watatu kwa wakati mmoja hasomi zaidi ya hapo. Nilichagua wifi yangu awe nami, mtoto awekwe kifuani mara tu akizaliwa ikiwa hali yake ni nzuri, na lile la kuongezewa njia. Hilo la mwisho nilikuwa nimelitunga tangu nyumbani kwa neno "sitaki". Alilikata kwa mstari mmoja na kuandika "naomba niambiwe kabla, pamoja na sababu". Neno lako la kwanza, alisema, likisomwa na mtu aliyechoka litasikika kama ugomvi, na siku mtoto akikwama wewe mwenyewe hutalitaka tena.

Chupa ilipasuka saa tisa usiku wa wiki ya 39. Dereva wa kwanza hakupokea simu. Wa pili alipokea. Mkunga wa zamu ya usiku aliipokea karatasi yangu, akashukuru, akaitia chini ya faili bila kuisoma, na wifi yangu akaambiwa asubiri kwenye benchi la nje kwa kuwa nyuma ya pazia kulikuwa na mzazi mwingine. Darasani tulikuwa tumehakikishiwa kwamba msindikizaji anaruhusiwa. Hakuna aliyetuambia kwamba ruhusa hiyo hutegemea idadi ya wazazi waliomo chumbani. Hii naihesabu kuwa dosari kubwa kuliko zote katika huduma hii, kubwa hata kuliko fomu: wanaofundisha Jumamosi na wanaozalisha usiku hawajawahi kukaa meza moja, na mjamzito ndiye anayeligundua hilo, tena akiwa katika hali ambayo hawezi kubishana na mtu.

Saa moja na nusu asubuhi zamu ilibadilishwa. Mkunga aliyeingia, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliichomoa karatasi na kuisoma amesimama karibu na dirisha, kidole kikitembea chini ya mistari. Alipofika kwenye wino mwekundu, ambao ulipaswa kuwa wa kwanza kuonekana lakini ulikuwa umefunikwa na klipu, aliinua kichwa na kuniuliza kaka yangu yuko wapi wakati huo. Nikamwambia yuko kazini Temeke. "Mwambieni asizime simu." Kisha akauliza wifi yuko wapi, akatoka kumfuata mwenyewe, akasogeza pazia hatua mbili na kumpa kigoda. Nilipewa na uji, ambao usiku nilikuwa nimekatazwa.

Kabla ya saa nne, nikiwa nasukuma, mapigo ya moyo wa mtoto yalianza kushuka na kuchelewa kupanda. Mkunga aliniinamia akasema, kwa sauti ileile aliyoulizia kuhusu kaka yangu: "Mama, mtoto anachoka. Nataka nikuongezee njia atoke sasa. Umeandika uambiwe, nakuambia." Nikaitikia kwa kichwa. Nikachomwa ganzi, akanikata, mtoto akatoka, akalia baada ya kupanguswa, akawekwa kifuani. Kwa hiyo kile nilichokihangaikia kuliko vyote kiliishia palepale kilipoishia miaka mitano nyuma, na bado sikutoka pale na kinyongo. Mama mkwe amekwisha kuniuliza tofauti iko wapi ikiwa nimeshonwa vilevile. Nilimjibu kwamba safari hii naijua sababu, akanitazama kama mtu aliyelipia maji ya mvua. Damu haikuhitajika. Kundi la mtoto lilitoka O chanya, na sindano nilichomwa jioni ileile, kwa kuwa mume wangu alikuwa ameshajua duka gani linayo na alikwenda na kuirudisha ndani ya boksi la barafu.

Kwa mizani yangu, darasa nalipa alama 5 kati ya 10, fomu 2, na saa ya mkunga 9. Mwenye mimba ya kwanza, ambaye hajawahi kuiona leba kwa macho, atafaidika na Jumamosi ya pili kuliko nilivyofaidika mimi. Asiye na shilingi 90,000 asijione amepungukiwa, kwani mpango wenyewe unaweza kuandikwa na mkunga wa kliniki ya serikali kwenye karatasi ya daftari, ilimradi umwombe siku ambayo foleni si ndefu na uwe umekwenda na majina na namba za simu tayari. Aliyelipa naye aipeleke karatasi yake wodini wiki moja kabla, aisomeshe kwa mkunga wa zamu, na aulize waziwazi msindikizaji hukaa wapi vitanda vikijaa. Mimi sikufanya hivyo, na wifi yangu akalipa kwa saa tatu za mbu.

Baada ya arobaini nilimwandikia meneja wa kliniki barua ya ukurasa mmoja kuhusu fomu na kuhusu lile benchi, nikajibiwa kwa heshima kwamba maoni yangu yatafanyiwa kazi. Mwezi uliopita jirani yangu alianza darasa hilohilo, akaniletea fomu yake niione. Ina nembo mpya na karatasi nzito zaidi. Dimbwi la maji lipo palepale, mstari wa tatu, na kundi la damu bado halina mahali pa kuandikwa.