Maktaba ya sekondari moja Rungwe: rafu nzuri, ukuta mbaya

Maktaba ya shule huanza kukaguliwa kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu, palipobandikwa karatasi ya tarehe za kurudisha. Ikiwa nyeupe, kitabu hicho ni pambo. Katika sekondari hii ya bweni, nje kidogo ya mji wa Tukuyu, karatasi za vitabu vya Baiolojia na Jiografia zimejaa mihuri hadi zimebandikwa nyingine juu yake. Shule ngapi za Nyanda za Juu Kusini zina vitabu vizuri kuliko hivi, ila vimelala kwenye kabati la ofisi ya taaluma, na mwenye ufunguo yuko semina?

Mpangilio ni wa Dewey, yaani kila somo lina namba yake rafuni, na umefanywa na mtu anayejua kazi. Kitabu kipya hakipandi rafuni kabla ya kupita hatua zote: mhuri kwenye ukurasa wa jina na kwenye ukurasa mmoja wa ndani ambao ni uleule kwa kila kitabu (aliyechana ukurasa wa mbele bado anakamatwa), namba ya usajili kwenye rejista, kadi na mfuko wake, lebo mgongoni sentimita 3 kutoka chini, kisha kava la nailoni juu ya lebo. Nailoni ikitangulia, lebo hubanduka ndani ya muhula mmoja. Vijitabu vyembamba visivyo na mgongo vimebandikwa lebo kwenye kona ya chini ya jalada na kuwekwa kwenye boksi faili, la sivyo vingezama katikati ya vitabu vinene.

Kinachowachanganya wanafunzi ni Kiswahili. Kwa Dewey, Kiingereza kiko 420, mwanzoni mwa rafu ya lugha, lakini sarufi ya Kiswahili imetupwa huko 496.392, na fasihi yake 896.392. Mgeni hutafuta kamusi karibu na Kiingereza, akikosa huondoka. Hapa wameweka kibao chenye mshale, wakaigawa fasihi vizuri: mashairi 896.3921, tamthilia 896.3922, riwaya na hadithi fupi 896.3923, kisha herufi tatu za kwanza za jina la mwandishi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akielekezwa mara moja, anajitafutia mwenyewe.

Vitabu vya ziada huazimwa viwili kwa siku saba. Vya kiada hutoka baada ya masomo ya usiku na hurudi kabla ya kipindi cha kwanza asubuhi. Kadi zinapangwa kwa tarehe ya kurudisha, si kwa jina la mwanafunzi, na huo ni uamuzi sahihi: kila asubuhi kiranja wa maktaba anachomoa fungu la jana, na kadi zilizobaki ndizo za wadaiwa. Tatizo kubwa ni kupokezana bwenini. Aliyesaini siye anayesoma, kitabu kikipotea kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Kanuni ya kulipa kitabu kwa kitabu kilekile ni nzuri kwa vitabu vinavyouzwa madukani. Kwa toleo lisilochapishwa tena ni kumtesa mzazi bure, na shule ingepaswa kukubali kitabu kingine cha somo hilohilo.

Vitabu teule vya fasihi havitoshi kabisa. Nakala chache kwa mikondo miwili ya kidato cha nne zinamaanisha kwamba kuanzia Septemba anayewahi ndiye anayesoma. Kuazima kwa siku saba hakufai kwa vitabu hivi. Viwekwe mezani kwa mkutubi, visomwe humohumo kwa saa mbili mbili, na daftari la zamu liwe wazi kila mtu aone jina lake. Nakala zilizopo zitahudumia wengi zaidi bila kununua hata moja.

Sasa ukuta. Eneo hili la Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nzito kabisa ni ya Machi hadi Mei, kidato cha sita wakijiandaa kwa mtihani wao. Rafu za historia, 900 na kuendelea, zimeegemezwa kwenye ukuta unaovujiwa na mfereji wa bati. Ukivuta kitabu cha rafu ya chini unaona madoa ya kijivu kwenye kingo za kurasa, na harufu inakufuata hadi mezani. Hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 65 inatosha kuotesha ukungu, na kitabu kikibanwa ukutani hewa haipiti nyuma yake. Dawa si rangi mpya. Mfereji uzibwe unapovuja, rafu isogezwe sentimita 5 au zaidi kutoka ukutani, ubao wa chini uinuliwe walau sentimita 10 kutoka sakafuni, na vitabu visijazwe hadi vikabanana.

Vilivyokwisha kushikwa vitengwe, visimamishwe wazi kivulini penye upepo hadi vikauke kabisa, ndipo vipigwe brashi laini nje ya jengo, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa. Viranja tuliowaona walikuwa wakifuta ukungu kwa kitambaa kibichi: huko ni kuupaka ukurasa mzima. Jua kali nalo hukunja majalada na kupausha wino. Na ile selotepu kwenye kurasa zilizochanika iachwe mara moja, kwani baada ya miaka michache hugeuka njano, gundi ikavuja na kugandisha kurasa za jirani. Karatasi nyembamba na uji wa unga wa ngano vinafanya kazi hiyo vizuri zaidi, ila pakwe kidogo, maana uji mwingi huita mende.

Kona ya kompyuta ni ndogo lakini imepangwa kwa akili. Programu za Kolibri (ya masomo) na Kiwix (ya kusomea Wikipedia) zimepakiwa humo, kwa hiyo masomo na Wikipedia hufunguka bila intaneti. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, yenye vitabu vya kiada, inahitaji mtandao, na hapa bando huisha kabla ya mwezi. Umeme ukikatika kona yote imelala. Wenye haraka wabaki na karatasi.

Jumamosi milango hufunguliwa kwa majirani wa shule, na hapo ndipo utaona kwa nini rafu ya 630, ya kilimo, imechakaa kuliko zote. Wakulima wa parachichi, chai na viazi wanaigombea, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hawabanduki 636, penye ufugaji. Vitabu vinene vingi ni vya Kiingereza, hivyo vijitabu vya Kiswahili ndivyo vinavyozunguka. Shule iviongeze hivyo kabla ya kufikiria ensaiklopedia nyingine. Usichokipata hapa, maktaba ya mkoa iko Mbeya mjini, kilomita kama 70.

Wageni husomea ndani, hawaazimi. Andika jina getini, mkoba uache kaunta, na uje kabla ya saa nne asubuhi kama unataka meza ya dirishani. Novemba, kidato cha nne wakiwa kwenye mtihani wa taifa, geti halifunguliwi kwa mtu wa nje.