Ubao wa sumaku wa visu niliochongesha Keko: wa kwanza ulinitia hasara, wa pili ndo huu

Mlioniuliza kuhusu ule ubao wa mninga ulioshika visu ukutani kwangu, nimechongesha Keko hapa Dar, sh 55,000 ya fundi, sumaku nilinunua mwenyewe Kariakoo. Ila msikimbilie kuagiza, someni kwanza.

Una urefu wa futi moja na nusu, upana nchi tatu, sumaku zimefichwa kwa nyuma so mbele unaona mbao tupu na visu vimeganda tu. Fundi alitaka kuweka sumaku za spika mbovu kisa anazo bure, nikakataa, zile nyeusi ni nene afu ukiweka mbao katikati nguvu yenyewe huioni. Chukua za niodimiamu, zile ndogo zinang'aa kama sarafu, mimi nilichukua 12 za milimita 20.

Kasheshe ikawa kwenye kutoboa. Jamaa alitumia biti bapa ile yenye ncha katikati, sasa ile ncha inatangulia, akaogopa isije ikatokeza mbele akaishia njiani, mbele ya sumaku ikabaki mbao kama milimita 6. Nafika home nabandika kisu cha nyama, kinateleza taratiiibu mpaka kwenye sinki. Kilichokaa ni ka kumenyea vitunguu tu. Nikamrudishia. Akaniambia, "Dada angu, nikiipunguza sana itapasuka." Nikamwambia ipasuke kaka, mbao nyingine nalipa mimi. Akachukua ubao mpya, akachimba mfereji kwa nyuma na ruta, ile mashine ya kuchongea mbao, mbele akabakisha milimita 2, wala haikupasuka, na sasa hata kisu kizito cha kukatia mifupa ukikiweka hapo hakisogei.

Kwenye kugundisha napo tulicheka, kazipanga zote kwa haraka na epoksi bado mbichi, zikarukiana zikashikana fungu moja na gundi yote juu. Weka moja moja, acha nafasi, subiri ikauke ndo uende nyingine. Na zilizobaki zifungie mbali na watoto jamani, mtoto akimeza mbili zinavutana humo tumboni, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali.

Kilichoniudhi ni vanishi. Nilisema mafuta na nta ya nyuki, yeye kapiga vanishi ya makabati, inang'aa kama kochi la ukumbini na wiki nzima jiko linanuka, ikabidi niitoe kwa msasa mwenyewe. Siku mbili alizoahidi zikawa tisa, hilo nilitegemea.

Ukutani kwangu ni tofali za bloku, fisha mbili, zile plastiki za kushikia skrubu ukutani, na skrubu ndefu zimetosha. Usiufunge karibu na jiko la gesi, hizo sumaku moto mkali unaziua nguvu. Kisu cha seramiki hakishiki ng'o. Ukiweka kisu tanguliza mgongo, ukitoa kigeuze kianze kuachia upande wa makali, ukikivuta kavukavu unachana mbao. Na hivi visu vya mhunzi vya chuma cha kawaida vikaushe kwanza, kwa unyevu wa Dar kutu inakuja usiku mmoja tu.

Kazi ya mbao nampa 8 kati ya 10, vanishi 2. Visu havipo tena kwenye droo ambayo nilishajikata vidole mara mbili nikitafuta mwiko, ila mume wangu keshapafanya pa kubandikia kifungulio cha soda.