Nyumba ya kinu cha zamani nje ya Lubumbashi: wameziba mawe kwa simenti!

Nimelipa franka zangu kuingia, nikakuta mawe mawili ya kusagia mahindi yamezibwa mifereji yote kwa simenti, halafu yamepakwa rangi nyeupe ya mafuta. Eti yapendeze kwa picha.

Anayejua kinu anajua hapo kimepotea nini. Punje huingia kwa tundu la katikati, mifereji inazikata huku ikizisukuma ukingoni, na inapitisha hewa unga usipate moto. Ukingoni mawe yanakaribiana unene wa karatasi. Yakigusana, utakula bukari (ugali) yenye mchanga. Mifereji ikilika, unga unanuka kuungua, ndipo jiwe la juu linainuliwa na kuchongwa upya kwa nyundo ya ncha. Kwa hiyo mwelekeo wa mifereji ulituonyesha jiwe lilizungukia wapi, na kina chake lilichongwa lini mara ya mwisho, jana au zamani sana. Sasa utasoma nini pale? Rangi?

Nikamuuliza kijana anayetembeza wageni ni nani aliyeamua hivyo. Akanijibu mbele ya watu: “Papa, ulilipa kuangalia, haukulipa kuuliza.” Kisha akawaambia wageni kwamba nyumba na mashine yake ni vya wakati wa Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Leopold alikufa 1909! Reli yenyewe ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, 1910, na injini iliyo pale, Lister CS ya silinda moja yenye magurudumu mawili mazito, ilianza kutengenezwa karibu miaka 20 baadaye. Jina liko kwenye kibao cha injini, hata mtoto angelisoma.

Nilitaka kuandika: musiende. Lakini chumba cha nyuma ni kizuri kweli. Kuna kinu cha nyundo, kinachoponda punje kwa vyuma vinavyozunguka, na nyundo zake zimelika kona moja tu, yaani hakuna aliyewahi kuzigeuza. Chekeche la matundu madogo, la unga wa bukari, bado limefungwa ndani. La matundu makubwa, la chakula cha kuku, limetundikwa kwa msumari ukutani. Kwa chumba hicho peke yake, nendeni.

Ila mukienda, nendeni upesi: kopo la rangi ileile lilikuwa tayari mlangoni pake. Na wenye nyumba, simenti ile bado inatoka kwa patasi nyembamba, kidogo kidogo, kufuata mfereji. Asidi hapana, kama jiwe lina chokaa, italila pamoja na simenti.