Chungu cha umeme cha kupikia polepole: je, kinaifaa familia?

Kwa miezi minne sasa nimekitumia chungu cha umeme cha lita 6 kuwapikia watu sita nyumbani Dar es Salaam, na kwa maoni yangu kinastahili fedha zake kwa familia inayopenda makongoro, mchuzi wa nyama ya mifupa na maharage, ingawa hakifai kabisa kwa mboga za majani. Changu ni cha wati 250, kwa hiyo saa 8 za moto mdogo hazizidi uniti 2 za LUKU. Makongoro niliyoyaweka saa nne usiku pamoja na tangawizi na kitunguu saumu niliyakuta alfajiri nyama imeachana na mifupa yenyewe, na supu imekuwa nzito kiasi cha kunata midomoni. Kwa kuwa mvuke hautoki, maji yapunguzwe, la sivyo mchuzi huwa mwepesi. Vitunguu navyo vikaangwe kwanza kwenye sufuria nyingine.

Ninalolisisitiza sana ni maharage mekundu: yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu jikoni dakika 10 kabla ya kuingia chunguni, kwani yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa nanyi hampo, chakula hakipaswi kuliwa. Nimekwisha kumwaga kilo nzima ya nyama kwa sababu hiyo, na tangu hapo nakiwasha tu siku ambayo kuna mtu nyumbani.