Maabara ya Kirumba kwa kipimo cha kichocho, nyota nne

Watu wa Kirumba, Igombe, Kayenze na nyie mnaovuka kila siku kwenda Ukerewe, kama hujawahi kupima kichocho nenda ile maabara ndogo ya njia ya kuteremka mwaloni. Nawapa nyota nne, ya tano nimeinyima makusudi.

Kilichonikosha ni majibu yao. Kwingine unapewa kikaratasi kimeandikwa "kichocho ipo" basi, haya kanywe dawa. Hawa wanaandika aina, kipimo walichotumia na idadi ya mayai. Nilimpeleka mdogo wangu anayeshinda kwenye dagaa, tumbo linamsumbua na choo kina damu, dada wa maabara akamwambia, "Mdogo wangu, kwa dalili na unakokaa nakuandika anayeshukiwa, aliyethibitishwa mpaka nilione yai." Yai la kichocho cha tumbo lina mwiba ubavuni, la kile cha mkojo mwiba uko mwishoni, hapo ndo anatofautisha.

Nikamuuliza dada kwani inabadilisha nini wakati dawa ni ile ile prazikwanteli? Akasema dawa sawa, ila hizo namba zinaingia kwenye MTUHA, yaani mfumo wa serikali wa takwimu za afya, ukichanganya wa kushukiwa na wa uhakika wilaya inapata picha ya uongo, haijui wapi pana shida kweli. Ndo maana kipimo cha damu kinachotafuta kinga ambayo mwili umejitengenezea dhidi ya kichocho hawakitumii peke yake, sababu kinga inabaki mwilini muda mrefu hata umeshapona, sasa huku kanda ya ziwa nani hajaoga ziwani utotoni, si tutaandikwa wagonjwa wapya wote mpaka wazee jamani.

Choo wanapima kwa kibao chenye kijitundu kinachobeba choo cha miligramu 41.7, wanahesabu mayai kwa darubini halafu wanazidisha mara 24 kupata mayai kwa gramu moja. Dogo slaidi mbili zilitoa wastani wa mayai 7, yaani 168 kwa gramu, hiyo ni kichocho ya kiwango cha kati, chini ya 100 ni nyepesi na kuanzia 400 ni nzito. Na wasipoona yai hawakwambii uko safi nenda zako, wanakwambia leta na choo cha siku nyingine maana mayai hayatoki sawa kila siku, hapo wengi wanaona usumbufu ila mimi niliwaelewa.

Sasa nyota ya tano. Wa kipimo cha mkojo wanaitwa alfajiri na wengine, wakati mayai yale hutoka zaidi kuanzia saa nne mpaka saa nane mchana, hilo wanalijua kabisa ila eti wanataka foleni iishe mapema. Halafu choo chao hakina maji, maabara ya kupima choo bana!

Dawa hawauzi, utaenda zahanati, wanakupima uzito kwanza, dogo ana kilo 60 akapewa vidonge vinne vya miligramu 600. Kula ushibe kabla ya kumeza, na urudi kupima tena baada ya wiki kadhaa kwa sababu minyoo michanga ya kichocho hiyo dawa haiiui vizuri.