Sola na betri nyumbani: uzoefu wangu, na kwanini hita ya maji ndio imenikosha

Haya, nimekaa na huu mfumo vya kutosha, naweza kuuongelea. Nilichofunga ni paneli za kilowati 4 juu ya bati, inveta haibridi (inayochanganya umeme wa jua, betri na gridi) ya kilowati 5 na betri ya lithiamu ya yuniti 5.

Kila mgeni akiingia anakimbilia kuangalia betri. Iko poa, sikatai, umeme ukikatika taa hazipepesi hata kidogo, na tofauti na zile za asidi ambazo ukizoea kuzishusha chini ya nusu unaziua mapema, hii naishusha mpaka asilimia 20 na wala haina neno. Ila kilichopunguza bili ni hita ya maji. Piga hesabu mwenyewe: kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 mpaka 60 inakula kama yuniti 4.6, yaani karibu betri yote! Ukiwasha hita usiku unamaliza betri kwa kuoga tu, halafu friji linarudi kula umeme wa gridi. Sasa fundi aliiunganisha hita na relei ya inveta (swichi ambayo inveta inaiwasha na kuizima yenyewe), betri ikifika asilimia 90 na jua bado lipo hita inajiwasha yenyewe, unasikia "tak" ukutani. Mwanzoni wingu likipita tak, likiondoka tak, ilikuwa kero kweli na relei ingekufa haraka, akaongeza ucheleweshaji wa dakika tano mambo yakatulia. Tangi lina koti zuri la kuzuia joto so mpaka asubuhi maji bado ya moto, na hilo tangi ni bei chee ukilinganisha na kuongeza betri nyingine.

Pampu na mashine ya kufulia ziko kwenye taimeri za mchana. Eisii hivyo hivyo, inapoza nyumba jua likiwa kali, jioni tunazima na ubaridi unabaki maana dari tuliiziba vizuri. Pasi ndio ilileta ugomvi, watu walinuna kuambiwa wapige nguo mchana, saa hizi wamezoea (au wamechoka kubishana na mimi).

Mabaya sasa. Inveta yenyewe inakula kama wati 50 muda wote hata ukizima kila kitu, hiyo ni yuniti 1.2 kwa siku na muuzaji hakugusia kabisa, alikuwa bize kunisukumia betri kubwa mara mbili ya hii. Feni yake inapiga kelele mchana, usiifunge karibu na chumba cha kulala. Apu ndio hovyo kabisa, intaneti ikikata huoni chochote, bora inveta ina kioo chake.

Nyota nne, moja nimekata kwa ajili ya apu. Ukienda dukani usianze na saizi ya betri, uliza kwanza kama inveta ina relei ya kuwasha mzigo umeme wa jua ukizidi, wakikukodolea macho hamia duka la pili.