TAHADHARI: Muuzaji wa "akriliki" na "plaiwudi ya marini" za kujengea tanki la samaki, Dar

Wapenzi wa samaki wa mapambo, hasa nyie mnaotaka kujitengenezea tanki kubwa nyumbani, naomba msome hili kabla hamjatuma hela kwa mtu.

Kuna muuzaji Instagram anayesema yupo Dar. Anauza "seti kamili" ya kujengea tanki: plaiwudi ya marini (inayohimili maji) ya milimita 18 iliyokwishakatwa, akriliki (plastiki angavu kama kioo) ya milimita 12 ya upande wa mbele, na silikoni ya akwariamu, yaani gundi ya kuzibia maungio ya tanki. Mimi nilichukua seti ya sentimita 120 kwa 60 kwa 60, shilingi 380,000 pamoja na bodaboda. Vitu vyote vitatu vilikuwa feki. Jina la ukurasa siliandiki kwa sababu limeshabadilishwa mara mbili tangu nianze kumfuatilia, mkilishika leo kesho halipo. Nawapa alama.

Fundi wangu wa Keko aliunga boksi vizuri, tukapaka epoksi (rangi ngumu ya kuzuia maji) ndani, tukasubiri wiki nzima ikauke, ndipo tukaanza kujaza maji kidogo kidogo. Siku ya tatu ya majaribio maji yalikuwa sentimita 50, samaki bado hawajaingia. Karibu na kona ya chini kushoto niliona vimistari vyembamba kama nywele, vinametameta ukivitazama kwa pembeni. Nikadhani ni mikwaruzo. Jioni ile mwanangu wa miaka 6 alikuwa ameegemeza paji la uso pale pale, anahesabu mapovu ya pampu. Saa saba usiku tukasikia mlio mmoja mkavu, tak, halafu kishindo. Lita 360 zilimwagika sebuleni, na ekstensheni ya umeme ilikuwa sakafuni. Mume wangu alikimbilia kuzima swichi kuu kabla mtu hajakanyaga maji. Hadi leo nikimwangalia mtoto nakumbuka lile paji la uso.

Nilipomwandikia muuzaji akajibu, "Dada yangu, hapo fundi wako ndiye aliyekosea, mzigo wangu ni orijino kutoka Dubai." Nikaanza kujiuliza, labda kweli. Ndipo nikavichukua vile vipande na kuvipima kimoja kimoja.

Nilianza na unene. Nilipobandua karatasi ya kukinga, rula ilisoma milimita 10, siyo 12. Msione milimita 2 ni kitu kidogo. Ugumu wa kipande dhidi ya kupinda unakwenda na unene mara unene mara unene, kwa hiyo kutoka 12 kushuka 10 umeshapoteza kama asilimia 42 ya ugumu. Na maji hayana huruma: yakiwa na kina cha sentimita 50, kwenye upande wa mbele wenye urefu wa sentimita 120, yanasukuma kwa nguvu ya kama kilo 150. Haijalishi tanki ni pana au jembamba kwenda nyuma, kinachohesabika ni kina.

Lakini unene ni nusu ya habari. Ile haikuwa akriliki kabisa, ilikuwa poliestireni, plastiki ya bei rahisi inayong'aa vilevile ikiwa mpya. Hii inavunjika ghafla bila kupinda sana. Kuitambua ni rahisi, na ningejua mapema ningeipima mlangoni na bodaboda bado amesimama. Chukua lita moja na nusu ya maji, koroga humo robo kilo ya chumvi mpaka iyeyuke yote, kisha tumbukiza kipande kidogo na uondoe mapovu yaliyoshika. Akriliki inazama. Poliestireni inaelea. Changu kilielea. Nikachukua kipande kingine nikakiwasha nje uani: kikatoa moshi mzito mweusi na masizi yanayoruka. Akriliki halisi huwaka na moshi kidogo sana. Nilihakikisha kwa kipande cha fundi wa mabango wa mtaani kwetu, na tofauti hata mtoto anaiona.

Plaiwudi nayo. Nilichemsha kipande cha ukubwa wa kiganja kwenye sufuria. Baada ya saa mbili tabaka zilikuwa zimefunguka kama daftari lililolowa. Plaiwudi ya marini ya kweli, ile ya kiwango cha BS 1088, gundi yake inahimili maji ya kuchemka na tabaka za ndani hazina mashimo. Ukiangalia ukingo wa ile yangu unaona vitundu vya kuingiza kalamu. Na tahadhari hapa: madukani kwetu neno "marini bodi" mara nyingi linatumika kwa zile mbao zenye uso mweusi au kahawia za kumwagia zege, kwa hiyo jina peke yake lisiwatulize.

Silikoni ndiyo iliyoniuma zaidi. Tyubu zilikuwa na stika ya picha ya samaki. Niliibandua stika kwa maji ya moto, chini yake kulikuwa na maandishi ya kiwandani: ya bafu na jiko, inazuia ukungu. Dawa ya kuzuia ukungu ni sumu kwa samaki. Tanki lisingepasuka, ningewaua wote bila kujua sababu. Tena aliniambia silikoni inashika akriliki "kama chuma", na huo ni uongo mwingine. Silikoni inashika kioo vizuri, akriliki inaishika kwa udhaifu. Ndiyo maana kwenye tanki la mbao kipande cha mbele kinawekwa kwa ndani, ili maji yenyewe yakibane kwenye fremu.

Nilimtumia picha na video za vipimo vyote. Akanibloku.

Sasa alama zake. Picha za matanki yake si zake: tazameni soketi ya ukutani nyuma ya tanki, ni ya matundu mawili bapa kama za Marekani, wakati za kwetu kwa kawaida ni za pini tatu. Maoni ameyafunga. Hakubali mzigo ufunguliwe kabla hujalipa. Hana lipa namba, anasisitiza "tuma na ya kutolea" kwenye namba ya kawaida, na jina linalotokea kwenye simu halifanani na la ukurasa. Ukimwomba kipande cha kupima anasema mzigo umebaki mmoja.

Kama umeshanunua kwake na tanki lina maji sasa hivi, usisubiri kuona nyufa. Leo hii hamisha samaki kwenye ndoo na pampu yao, punguza maji hadi robo, toa ekstensheni sakafuni, na watoto wasikae mbele ya kioo mpaka umepima kwa chumvi.

Nimeshachukua RB (namba ya taarifa ya polisi) kituoni. Vipande, tyubu zenye stika na meseji za malipo nimevihifadhi vyote. Aliyetapeliwa naye asifute meseji zake wala asitupe mabaki, na aende na yeye kufungua taarifa.